Ukoko wa Chungu cha Kikoa

Ngano, jamani, ngano.

— Pakua tuonje.

Ina moto.

— Tutapuliza.

Ina mchanga.

— Tutatema.

Haya. Basi sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatwa.

Hapo kale, si jana wala juzi, palikuwa na mji ukiitwa Mfuleni. Mji mzuri, watu wake wengi, maneno yao mengi zaidi. Lakini mfereji wao ulikuwa mmoja tu. Ulishuka kutoka mlimani, ukapita mashamba ya juu, ukapita mashamba ya kati, ukaishia Bondeni. Pale juu mfereji unapoanzia paliwekwa ubao mnene wa mvule. Ukiuinua, maji yanakwenda huku. Ukiushusha, yanakwenda kule. Mwenye kushika ubao huo aliitwa Mgawa Maji, na Mfuleni nzima hapakuwa na mkubwa kuliko yeye.

Mgawa Maji alichaguliwa kila mwaka, kabla ya watu kupandikiza mpunga. Kambi zilikuwa mbili, Kambi ya Njiwa na Kambi ya Kwale. Kila kambi inaleta mtu wake. Kila kambi inapika. Ndiyo, inapika, unacheka nini wewe Fumu? Watu wa Mfuleni hawakuwa tayari kusikiliza ahadi na matumbo matupu. Kwanza wali, kisha ngoma, kisha maneno, halafu kila mtu mzima anatia punje moja ya mbaazi kwenye kibuyu cha kambi anayoitaka. Mbaazi zikihesabiwa, mambo yamekwisha.

Sasa niulizeni, mchele wa kulisha mji mzima ulitoka wapi?

— Ulitoka wapi?

Ulitoka kinuni. Huko juu palikuwa na kinu cha kukamulia miwa. Hakikuwa cha mtu mmoja. Koo kumi na mbili zilichanga, zikanunua ng'ombe wa kukizungusha, zikajenga ghala, zikamweka Bwana Shamte awe msemaji wao. Bwana Shamte alikuwa mtu wa maneno laini na tumbo la mbele, hagombani na mtu. Kinu kilipika sukari guru, kikauza, kikatajirika, kikanunua mchele kikaujaza ghalani. Na miwa yake ilikuwa huko huko juu, karibu na ubao. Miwa, wenzangu, hainywi maji. Inabugia.

Na huku chini kabisa, Bondeni, mfereji unapoishia, alikaa mwanamke mmoja jina lake Mize. Mize alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi ni yeye, matanga ni yeye, karamu za kambi zote mbili ni yeye. Mikono yake ilikuwa na nguvu ya kugeuza wali wa watu mia kwa mwiko mmoja. Mama yake alimwachia majaruba matatu ya mpunga, na majaruba hayo ndiyo yaliyokuwa roho yake. Maji yakifika, Mize anakula. Maji yasipofika, Mize anapikia wengine na kulamba mwiko.

Sasa sikilizeni mwaka wa kwanza.

Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa wazi, hayana hata haya. Mzee Kombo, mpiga mbiu wa mji, alisimama katikati ya uwanja akaita, na watu wakaitikia kama mtakavyoitikia nyinyi.

"Nani kaleta mchele?"

— Kinu.

"Nani kaleta mbuzi?"

— Kinu.

"Nani kaleta samli?"

— Kinu.

Kikaleta kwa Njiwa, kikaleta kwa Kwale, magunia kwa magunia. Watu wakala wakavimbiwa. Njiwa wakashinda. Kesho yake ubao ukainuliwa, maji yakaenda kwenye miwa, Bondeni likabaki tope. Mize alivuna nusu ya alichozoea.

Watu wakakasirika. Mkutano ukaitwa, na aliyesimama wa kwanza alikuwa Saumu, shoga yake Mize, jirani yake wa ukuta kwa ukuta huko Bondeni. Saumu akianza kusema hata kuku wanatulia.

"Niambieni," akasema. "Kinu kina tumbo?"

"Hakina," watu wakajibu.

"Kina mdomo?"

"Hakina."

"Kinatia mbaazi kwenye kibuyu?"

"Hakitii."

"Basi kinatulisha kwa mapenzi gani? Kipigwe marufuku. Kinu kisitoe, na kundi lolote lisitoe, hata punje. Atoe mtu na nafsi yake."

Weee! Uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Mize alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Marufuku ikapita siku hiyo hiyo, na Bwana Shamte akainamisha kichwa kwa adabu, akasema kinu kimesikia.

Ukaja mwaka wa pili. Mize na wanawake wenzake wa Bondeni walikuwa na kikoa chao. Walipalilia pamoja, wakavuna pamoja, wakapika pamoja. Wakakusanya kibaba kibaba, wampelekee mtu wa Kwale aliyeahidi kuikumbuka Bondeni. Walipofika uwanjani Mzee Kombo akawazuia.

"Rudisheni, mama zangu. Kikoa ni kundi, na kundi limekatazwa."

Wakarudi na vibaba vyao vichwani. Mize alijisikia mjinga, maana ile marufuku aliipigia vigelegele mwenyewe.

Lakini uwanjani, ajabu, mchele umejaa. Mzee Kombo akaita: nani kaleta mchele?

"Mkwe wa Bwana Shamte."

Nani kaleta mbuzi?

"Mpwa wa Bwana Shamte."

Nani kaleta samli?

"Mtu mwema mmoja, hataki kutajwa."

Mize akainjika, akakoroga, akapalia makaa juu ya mifuniko. Alipoepua chungu cha kwanza akasita. Mvuke ule alikuwa anaujua. Aliwahi kupika harusi kinuni, akaliona ghala lao lilivyo. Magunia ya mchele yako chini, sukari guru imepangwa juu kwenye dari, na siku za joto sukari hutoa jasho ikachuruzika taratibu juu ya magunia. Mchele wa humo uoshe mara moja, uoshe mara tatu, uoshe mara saba, utamu hautoki. Ukila wali hutambui, samli na viungo vinauficha. Lakini utamu unazama chini ya chungu, unashika ukoko.

Mize akachukua mwiko, akakwangua kidogo, akatia mdomoni. Utamu. Akaenda chungu cha pili. Utamu. Akavuka uwanja mpaka kambi ya pili, akakwangua. Utamu mtupu.

Watu wakala wakavimbiwa. Kwale wakashinda safari hii, mtu aliyeahidi kuikumbuka Bondeni. Kesho yake ubao ukainuliwa, maji yakaenda kwenye miwa, Bondeni likabaki tope. Mwaka huo Mize hakuvuna kitu. Alibaki na kapu moja la mbegu, na Bwana Shamte akamtumia ujumbe mzuri wenye salamu nyingi, kwamba akiyachoka yale majaruba kinu kitayanunua. Mize aliukunja ujumbe ule akawashia moto.

Mko nami?

— Tuko nawe.

Basi mwaka wa tatu. Mize akaimwaga mbegu yake ya mwisho kwenye kitalu, miche ikaota, kijani kizuri. Ikikosa maji ya kupandikizia, hana mbegu nyingine, hana shamba tena. Mkutano ulipoitwa akaenda na kusimama, yeye ambaye hakuwahi kusema mbele za watu isipokuwa kuuliza chumvi iko wapi.

"Nimepika mwaka juzi, nimepika mwaka jana," akasema. "Mchele ni ule ule. Mwaka juzi ulipita mlango wa mbele, mwaka jana umepita uani. Tofauti ni kwamba mwaka juzi tulimjua aliyetulisha. Mimi nasema kinu kitoe."

Kelele zikaanza. Saumu akainuka kama aliyeumwa na siafu.

"Mize, shoga yangu, umekunywa nini? Mwizi unamfungulia mlango, unamwambia pita, ila utaje jina lako?"

"Ataje jina lake, tena mchana, tena kwa sauti. Atoe pishi moja tu, sawa na kundi jingine lolote. Na mchele wake upikwe kwenye chungu chake peke yake, mtu akila ajue anakula cha nani."

"Pishi moja mbele za watu, kumi kichochoroni."

"Ndiyo maana kila chungu kitakwanguliwa ukoko."

Watu wakacheka. Ukoko? Mize akawaeleza habari za ghala, za sukari inayotoka jasho, za utamu unaozama. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, maana wengi waliukumbuka ule utamu, ila walidhani ni ufundi wa mpishi.

Saumu hakukubali. "Marufuku ilikuwa nzuri, ila haikuwa na macho. Tuipe macho, tusiivunje."

"Ukiipa macho bado kikoa chetu kinabaki nje, Saumu. Kinu kina wakwe kumi wa kupitishia. Sisi tuna nani?"

Wakabishana jasho likawatoka, wanawake wawili waliokuwa wakiazimana kisu kimoja cha vitunguu. Mwisho Mzee Kombo akayafunga maneno. Kila mchango utangazwe na upikwe peke yake. Chungu kitakachokutwa na mchele wa siri kitapinduliwa, na aliyeupokea atapoteza zamu yake ya kwanza ya maji. Na aliyeutoa kwa siri, akijulikana, atapoteza zamu moja kwa kila chungu.

Bwana Shamte akainua kidole, anatabasamu.

"Akijulikana, Mzee. Ukoko unasema utamu, hausemi jina. Akijulikana vipi?"

"Hilo bado silijui," Mize akasema, akaketi. Hata hivyo mikono ikainuliwa, na sheria ikapita kwa mikono michache tu.

Haya, sasa shikeni mbavu zenu. Siku ya karamu!

Uwanja ulijaa tangu jua halijawa kali. Vyungu arobaini vimepangwa, ishirini vya Njiwa, ishirini vya Kwale. Njiwa wana mtu wao Pandu. Kwale wana mtu wao Mcha, naye Mcha ameapa kwamba siku za kupandikiza Bondeni litanywa kwanza. Ngoma zinalia, moshi unapanda, watoto wanakanyagana. Bwana Shamte akaja mwenyewe na pishi yake ya mchele kichwani, kilemba kimekaa upande, na Mzee Kombo akatangaza: pishi moja, ya Kinu, kwa kambi ya Njiwa. Watu wakamshangilia. Chungu chake kikafungwa kitambaa chekundu ili kijulikane.

Wanawake wa Bondeni nao wakaja na kikoa chao, kila mmoja na kibaba chake, safari hii bila kuzuiwa na mtu. Saumu alikuja wa mwisho. Akamimina kibaba chake kwenye ungo haraka haraka, akaenda kupepea jiko ambalo halikuwa na chungu juu yake. Mize aliliona hilo, lakini alikuwa na vyungu arobaini vya kuangalia.

Wali ukaiva. Mize akaanza kuondoa makaa na kufunua. Akafunua cha wafinyanzi, sawa. Akafunua cha wavuvi wa mtoni, sawa. Akafunua cha kikoa chao wenyewe, na mvuke ukampiga usoni.

Ulikuwa ni mvuke wa kinuni.

Akamtazama Saumu. Saumu alikuwa bado anapepea lile jiko tupu, machozi yanamtoka, na moshi haukuwapo. Mize akajua papo hapo. Akajua na jambo jingine. Ng'ambo ya uwanja Bwana Shamte alikuwa ameketi na sahani yake haijaguswa, anakitazama chungu cha kikoa, anangoja.

Sasa jiwekeni wenyewe pale, jamani. Mpishi hodari anaweza kukwangua ukoko wote na kuutupa motoni kabla hujamaliza kupiga chafya. Mwiko ulikuwa mkononi mwake. Kitalu chake kilikuwa kinamngoja. Nani angejua?

— Asingejua mtu.

Nyamazeni. Mize angejua. Aliugonga mwiko kwenye ukingo wa chungu, akaugonga tena. Kisha akakirudishia mfuniko, akakipanga pamoja na vingine.

Waonjaji walikuwa mabibi watatu, wazee wa mji kupita wote. Walichaguliwa kwa sababu hawakuwa na kambi, na meno yao kwa jumla yalikuwa sita. Wakaanza upande wa Njiwa. Wakakwangua. Wakatia mdomoni. Wakamung'unya. Uwanja mzima ukawa unayatazama mashavu yao.

"Huu hauna kitu," akasema bibi wa kwanza.

"Hauna," akasema wa pili.

"Una chumvi nyingi, lakini hauna," akasema wa tatu, na Mize akavumilia.

Wakafika chungu cha mkwe wa kwanza wa Bwana Shamte. Wakakwangua. Wakatia mdomoni. Wakamung'unya. Macho ya bibi wa kwanza yakafunguka.

"Mtamu huu."

Chungu kikapinduliwa. Wali wote chini, mabata wakaja mbio. Watu wakapiga kelele, wengine kwa furaha, wengine kwa uchungu wa nyama. Wakafika cha mkwe wa pili. Utamu, kikapinduliwa. Wakafika cha mkwe wa tatu. Utamu, kikapinduliwa.

Mzee Kombo akawauliza wakwe, mchele huu kawapa nani? Wakatazama chini. Tumeununua njiani, wakasema, kwa mtu tusiyemjua. Na Bwana Shamte akafungua viganja vyake viwili.

"Mimi nimeleta pishi moja mbele yenu. Ya wakwe zangu siyajui."

Hapo ndipo penye kigingi. Mkono wa sheria uliwafika wakwe, kinu haukukigusa.

Mabibi wakavuka upande wa Kwale. Wakaonja vyungu kumi, vyote vikawa safi. Vimebaki kumi, na cha kikoa kimo humo. Mabibi wameshiba, wanapumua kwa shida. Ndipo Mize akapiga mwiko kwenye mfuniko.

"Basi, jamani," akasema. "Mabibi wamechoka. Vilivyobaki ni vya watu maskini, tusivisumbue. Watu wale."

Watu walishakuwa na njaa, wakaanza kuinuka. Bwana Shamte naye akainuka, upesi kuliko wote.

"Bado. Chungu cha kikoa hakijaonjwa. Aliyeleta sheria na yeye aonjwe."

Minong'ono ikapita uwanjani. Kweli, watu wakasema, aonjwe. Mabibi wakaketishwa tena. Wakakwangua. Wakatia mdomoni. Wakamung'unya, wakamung'unya, na bibi wa tatu akamtazama Mize kwa huzuni.

"Mwanangu, mtamu."

Lo, salale. Kelele zilizopigwa hapo mngezisikia nyinyi mkiwa huku. Njiwa wanacheza, Kwale wamejishika vichwa, Mcha kakaa chini mavumbini. Bwana Shamte hakucheza. Alitingisha kichwa tu kwa masikitiko makubwa, kama mtu aliyeona msiba wa jirani.

Mize akainua mkono.

"Si mchele, jamani. Ni mwiko. Nilikorogea chungu cha Kinu, nikasahau kuuosha, nikakorogea na hiki. Nisameheni, ni uzee unaanza."

Watu wakatulia. Wakatazamana. Yaani ni mwiko tu? Mpishi ana vyungu arobaini, anaweza kusahau. Mzee Kombo akakuna kidevu, akasema kama ni mwiko basi hakuna aliyepokea kitu, na chungu kisipinduliwe. Wengine wakaanza kucheka, wakaanza kunawa mikono.

Na Bwana Shamte akaona mtego wake unafumuka mbele ya macho yake. Yule mtu wa maneno laini, asiyegombana na mtu, uso ukamjaa damu.

"Mwiko gani? Muongo huyo! Ni kibaba kizima cha mchele, kimeletwa kwenye kitambaa cha njano!"

Hata mabata waliacha kula.

Mize akaweka mwiko chini polepole.

"Bwana Shamte," akasema, "mimi mwenyewe sikujua kama ni kibaba au nusu pishi. Kitambaa sikukiona. Wewe umejuaje?"

Bwana Shamte akavua kilemba, akajipangusa jasho nacho.

Mize akachukua mwiko wa pili, uliokuwa umelala juu ya chungu chenye kitambaa chekundu. "Na mwiko wa chungu cha Kinu ni huu hapa. Haukwenda popote. Hilo la kusahau kuosha nimewadanganya, mtanisamehe."

Hapo Saumu akaja katikati ya uwanja, na mkononi ana kitambaa cha njano.

"Ghala langu ni tupu tangu mwaka jana," akasema, yule Saumu wa kutuliza kuku, na sasa husikii vizuri anachosema. "Niliona haya kwenda kwenye kikoa mikono mitupu. Huyu akanipa kwa mlango wa uani. Akaniambia chukua, mama, ni kibaba tu, hata kusema si lazima. Nikachukua, na mdomo wangu huu niliokuwa nikipigia marufuku."

Mkwe wa kwanza alipoona vile, naye akasema na changu kanipa yeye. Mkwe wa pili akasema na changu. Mkwe wa tatu alikuwa amekwisha kukimbia, lakini mke wake akasema kwa niaba yake. Vyungu vinne, zamu nne za maji. Mzee Kombo akatangaza na uwanja ukatetemeka kwa vigelegele. Bwana Shamte akaondoka kwa miguu yake, kilemba mkononi.

Mngedhani yamekwisha. Hayajaisha, kaeni.

Mize akakishika chungu cha kikoa kwa vitambaa viwili. Mzee Kombo akamzuia.

"Hicho acha, mwanangu. Mmetegwa."

"Sheria haikusema aliyetegwa asamehewe, Mzee. Nikikiacha hiki, mwakani kila mtu atakuwa ametegwa."

Akakipindua. Wali mweupe, wali alioupika kwa mikono yake, ukamwagika mavumbini, na pamoja nao ikaenda zamu ya kwanza ya maji ya wanawake wote wa Bondeni. Mize alilia waziwazi mbele ya watu, wala hakujifuta. Alikuwa anaiona miche yake.

Mbaazi zikatiwa. Mcha wa Kwale akashinda, vibuyu havikuwa hata vya kulinganishwa. Kesho yake ubao ukashushwa, na kwa mara ya kwanza maji hayakwenda kwenye miwa. Lakini Bondeni pia hayakufika. Yalipita kwa watu wa kati, kama sheria ilivyosema, na Mcha hakuthubutu kuipindisha. Siku kumi, urefu wa zamu moja, miche ilikaa bila mfereji, ikaanza kuwa njano nchani.

Basi Saumu akajitwika mtungi. Kisima kilikuwa mbali, njia ina mawe, naye akaenda akarudi, akaenda akarudi, akaenda akarudi, anakimwagilia kitalu cha Mize kabla ya chake. Siku ya pili wenzake wakajitwika nao. Mize hakumwambia kitu mpaka siku ya tatu, alipompa kata ya nguo ya kuweka kichwani, akamwambia mtungi unakuchubua. Siku ya kumi na moja maji yakaja Bondeni, mengi, yanakimbia, na wanawake wakaingia majarubani na kanga zao zimefungwa viunoni, wakapandikiza wakiimba.

Wakavuna. Mize akatwanga mpunga mpya, akapika chungu kimoja kikubwa kwenye ua wake, akawaita majirani, na wale mabibi watatu akawaita. Wali ulipokwisha, bibi wa kwanza akaomba ukoko. Mize akakwangua, akawagawia. Wakatia mdomoni. Wakamung'unya.

"Mwanangu," akasema bibi wa tatu, "mbona huu hauna utamu hata kidogo? Mgumu, tena umeungua."

Mize akacheka mpaka akakaa chini. Saumu akachukua kipande, akakitafuna chote, akaomba kingine.

Na wale wawili, niwaambie, mpaka wanakufa hawakukubaliana. Kila mwaka wakichagua mchele Saumu anasema kinu kipigwe marufuku kabisa, pungufu ya hapo ni hila tu. Mize anasema kipite mlango wa mbele tukione. Wanabishana, wanacheka, wanaendelea kutoa mawe kwenye ungo. Na kila mwaka siku ya karamu Mfuleni, kabla ya mtu kutia mbaazi yake, vyungu vyote vinakwanguliwa kwanza, na cha Mize ndicho kinachoanza.

Nimeinjika, nimekoroga, nimepakua.

— Tumeonja.

Aliyeshiba anawe mikono. Asiyeshiba na akwangue.